Panga Lililopinda Halinyooshwi

Shuleni, Tukuyu
18 Aprili 1993

Kaka Lameck,

Ugonile. Kabla sijaanza kazi aliyonituma Baba, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Siku ya Pasaka nilitoka kanisani kabla mahubiri hayajaisha, nikaenda nyuma ya ghala la mpunga, nikapanda kwenye kiti cha kindege cha Baba. Nilijifunga mkanda. Nikashika usukani, nikaiita bandari yetu kama marubani wanavyoita kwenye redio, "Itungi, Itungi, nakuona." Sauti ilitoka kubwa hata nikaiogopa, nikashuka mbio. Mimi huyu ambaye mwalimu akiniuliza jina langu hulitafuta kwanza. Ukicheka, cheka peke yako.

Sasa kazi. Yule mzungu wa Karonga, kabla hajafunga shamba lake na kumwuzia Baba kindege, alikufundisha kuruka kwa mikono na macho, lakini mambo mengi aliyaacha kitabuni. Baba anataka yawe kwa Kiswahili. Nimekaa na kamusi jioni zote za wiki hii. Neno la kwanza tu la Kiingereza lilinisumbua: kamusi inasema ni wembe, halafu inasema ni jani la nyasi. Nimeandika "panga", kama panga la feni.

Kitabu kinasema mapanga ya juu hayazungushwi na injini. Injini inaendesha rafadha ya nyuma tu, ile inayokisukuma kindege. Mapanga ya juu yanazungushwa na upepo unaopita kati yake. Yakiharibika angani hakuna kitu kingine kinachokushikilia, ndiyo maana sura nzima inahusu namna ya kuyatunza. Kindege kisiinuliwe wala kusukumwa kwa kushika mapanga. Kikiegeshwa, yafungwe kamba, maana upepo huyanyanyua na kuyapigiza hata kama hakuna mtu. Chini usikimbize kindege kabla mapanga hayajashika kasi, la sivyo yatapigapiga na kugusa mkia. Na uyafute kila siku. Hata wadudu waliokaukia kwenye ukingo wa mbele huyapunguzia nguvu ya kubeba. Hapo niliwakumbuka kungu wa ziwani, wanavyotanda kama moshi.

Nitaendelea wiki ijayo. Barua hii nampa kondakta wa basi.

Mdogo wako,
Tusajigwe

*

Bondeni, Kyela
25 Aprili 1993

Mheshimiwa Kamusi,

Ugonile na wewe. Kondakta alinikabidhi barua yako imeloa, maana huku mvua haijui kupumzika. Alinikuta nimekaa na vijana wa Itungi, wakaomba niwasomee. Nikawasomea yote. Ile ya kufuta wadudu ndiyo iliyowafurahisha zaidi. Hezroni, mmoja wao, akasema, "Mwambie dada yako huku kungu hawafutwi, wanakaangwa!"

Usinune. Nilianza kusoma kutoka juu, nikasahau kwamba pale juu palikuwa pangu peke yangu. Sasa kila nikipita bandarini wanapaza sauti, "Itungi, Itungi, nakuona!" Hata wale watoto wanaouza mandazi wameshalijua neno hilo. Ukija likizo utaitwa rubani, bora uzoee mapema.

Kindege kinafanya kazi. Mpunga wa Bujonde unaiva na kwelea kwelea wameshuka kama mvua ya pili. Nikipita juu yao wanainuka wote pamoja, wanahamia kwenye shamba la mtu mwingine. Baba anapenda sana hapo kwenye shamba la mtu mwingine.

Hebu niambie, kitabu kinasemaje kuhusu panga lililopinda kidogo? Nauliza tu.

Ndaga fijo kwa kazi.

Kaka yako,
Lameck

*

Shuleni, Tukuyu
30 Aprili 1993

Kaka,

Sijui kama nimekusamehe. Nimeiona barua yako nikawa najificha nyuma ya bweni kana kwamba hao vijana wa Itungi wako huku.

Lakini umeuliza, nami najibu. Kitabu kinasema hivi, na nimeitafsiri sentensi hii upya mara nyingi ili nisikosee: Panga lililopinda halinyooshwi. Hata likipinda kidogo. Hata likinyooka tena likaonekana zuri kuliko mwanzo. Linatolewa na kuharibiwa kabisa ili mtu asije akalirudisha. Na kwa kuwa mapanga yametengenezwa pamoja kama pacha, yakapimwa uzito pamoja, moja likitupwa na la pili hutupwa.

Nilitaka kuelewa sababu, maana kwetu hakuna kisichonyooshwa. Ringi za baiskeli, bati, misumari, watoto. Basi nilichukua kijiko changu cha bwalo, hivi vyepesi vyeupe, nikakipinda shingoni, nikakinyoosha. Kikawa kizima kabisa, Matroni mwenyewe asingekitambua. Nikakipinda tena na kukinyoosha. Mara nyingine tena, kikakatika mkononi mwangu bila kelele. Kumbe kila nilipokinyoosha nilikuwa nakipinda upya. Ufa ulikuwa ndani, nje pananing'aria.

Nimeadhibiwa. Nakula maharage kwa mkono mpaka muhula uishe. Kipande cha kijiko nakiweka humu kwenye bahasha, kiangalie pale kilipokatikia.

Kaka, limepinda?

Tusajigwe

*

Bondeni, Kyela
9 Mei 1993

Dada Tusa,

Kijiko chako kimefika. Mama amekitumia kuchotea chumvi, anakushukuru.

Ndiyo, lilipinda. Kosa ni langu. Kindege kilinasa matopeni kule Bujonde, nikakosea kukitoa. Usianze kulia, yamekwisha. Andrea fundi baiskeli alilishusha, akalilaza juu ya gogo, akaligonga kwa nyundo ya mti akiweka gunia katikati, taratibu kama anayeosha mtoto. Ukilipiga jicho kutoka nchani huoni kitu. Na Baba akaninyoosha mimi. Kwa hiyo tumenyooka wote wawili, mimi na panga, na hakuna aliyekatika.

Tarehe kumi na mbili Juni Baba anafungua mashine yake ya kukoboa. Mgeni wa heshima anatoka Mbeya. Mimi nitapita juu na kitambaa kirefu chenye jina la mashine, watu wote wa Kyela wainue shingo. Yule aliyekuwa akibeba magunia ya Baba mgongoni!

Usimwandikie Baba kuhusu vijiko. Nakuomba.

Lameck

*

Shuleni, Tukuyu
14 Mei 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyumbani, na Mama.

Baba, ulinituma nisome kitabu cha kindege, nami nimekisoma chote. Samahani kwa kuandika jambo ambalo hukuniuliza. Kitabu kinakataza kabisa kutumia panga lililopinda likanyooshwa. Linaweza kukatika angani, na likikatika kindege kinaanguka kama jiwe. Kaka amekiri kwamba alikosea, nami namwombea msamaha. Lakini tafadhali asiruke siku ya mashine. Mgeni anaweza kuonyeshwa kindege kikiwa chini, nacho kinapendeza hata kikiwa chini.

Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti, siyo kwa mfano.

Binti yako mtiifu,
Tusajigwe

*

Bondeni, Kyela
20 Mei 1993

Binti,

Marahaba. Barua yako niliisoma dukani mbele ya wateja, maana nilidhani ni ya biashara. Tumefurahi sana. Pale penye magoti tulipumzika kwanza. Kaka yako alicheka kuliko wote.

Nakusomesha ili unisomee barua za watu, siyo ili unisomee mimi. Kitabu hicho kiliandikwa na watu wanaouza mapanga. Kwa nini wakwambie unyooshe, wakati wanataka ununue mapya? Hilo huko shuleni hawafundishi. Nimeanza na toroli, leo nafungua mashine, na sijatupa kitu kilichopinda. Nakinyoosha. Na mtu vilevile.

Unasema kindege ni chepesi kuvunjika. Siku ile Bujonde niliwaambia watu kumi wayashike hayo mapanga wakivute kitoke matopeni, wakayashika, kikatoka. Kama ni ya kukatika, yangekatikia mikononi mwao. Lilipinda kidogo kwa sababu dereva alikipeleka matopeni. Anasema alinionya. Kama alijua, angesema kwa sauti.

Aliyepinda ndiye atakayeruka. Akiogopa aseme mbele ya mgeni, nitamvalisha gauni lako la shule akahudumie soda.

Usiandike tena jambo hili.

Mimi baba yako,
Gwamaka

*

Shuleni, Tukuyu
24 Mei 1993

Kaka,

Uliniambia ni wewe. Baba mwenyewe ameandika kwamba ndiye aliyewaamuru wayashike, na wala hajui kama amekiri. Kwa nini ulijibebesha?

Na je, ni kweli ulicheka?

Tusajigwe

*

Bondeni, Kyela
1 Juni 1993

Dada,

Nilicheka. Ungekuwepo ungecheka. Baba akisoma kitu dukani watu wote hucheka, maana anainua macho aone nani hacheki.

Sasa nakuambia yote, kisha uichome barua hii. Nilimwambia. Nilisema, "Baba, siyo hapo, washike chini kwenye vyuma." Akasema, "Mwanamume kapata chombo, sasa kapata na mdomo." Watu wakacheka, wakashika mapanga. Nilisikia moja likilia, mlio mfupi, kama chungu cha Wakisi kinapopata ufa motoni. Kindege kilipotoka, Baba akaona panga limepinda. Akatafuta nani wa kumlaumu, na watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Akaninyoosha palepale kwa fimbo ya ng'ombe. Nilikuwa bado nimevaa helmeti, kwa hiyo kila fimbo iliyopita juu ililia ko! na watoto wakaanza kuhesabu. Mimi nilisema kosa ni langu ili waache kuhesabu. Baada ya hapo likawa langu. Hata ningebisha, nani angekumbuka vingine?

Nimeruka nalo mara moja tangu Andrea alinyooshe. Usukani unatetemeka mkononi kama samaki ambaye hajafa. Najua unavyosema. Najua kijiko. Lakini sikiliza na mimi. Nilipanda juu ya Bujonde, mpunga wote wa njano, mbele yangu ziwa, na Itungi pale na meli yake inayooza kwa kutu. Niliiona, Tusa. Nilisema yale maneno yako. Sikuyasema kwa mzaha.

Nikikataa kuruka Baba atakiuza kindege, nami nitarudi kwenye magunia. Huku chini kote kuna mkono wake. Kule juu hakuna. Kwa hiyo nitaruka, na kikitetemeka kitatetemeka na mimi.

Usije na kitabu chako ukaniaibisha tena. Mimi nimeshakuwa na aibu ya kunitosha.

Lameck

*

Karonga
27 Juni 1993

Tusajigwe,

Niko upande huu wa Songwe, nafanya kazi kwenye gereji. Sitarudi.

Umesikia niliyowaambia watu pale uwanjani nyuma ya ghala, kwamba sikukutuma, kwamba una wivu, kwamba tangu Pasaka ulitaka kindege kiwe chako. Wote walikubali kwa sababu walijua habari ya "nakuona." Sijutii. Ulitaka niseme nini, kwamba mdogo wangu wa kike ameniokoa?

Nina swali moja, na usinijibu kwa kitabu. Kulikata lile panga bovu naelewa. Ningekuchukia kwa hilo, halafu siku moja ningeacha. Lakini lile zima lilikukosea nini? Lile lilikuwa zima. Ningemtafuta mzungu, angenipatia mwenzake. Ningesubiri hata mwaka. Uliniachia nini cha kusubiri?

Lameck

*

Bondeni, Kyela
11 Julai 1993

Kaka Lameck,

Hujaniuliza habari za nyumbani. Nitakupa kwa kifupi, maana sasa nina muda.

Baba hakunipiga. Nilisimama nikingoja, nikiwa nimeshavua saa ya mkononi. Akaniangalia, akasema, "Umekata. Na mimi nakata." Sanduku langu likatolewa chini ya kitanda, vitabu akapewa mtoto wa jirani. Sirudi Tukuyu. Nilimwonyesha kipande cha lile panga bovu, nikamwonyesha mstari mweusi wa ufa uliokuwa ndani, mkubwa kuliko nilivyouogopa. Akalamba kidole gumba, akausugua, akasema, "Grisi." Nikamwendea Andrea. Andrea aliutazama muda mrefu. Kisha akamtazama Baba, akasema, "Huo ni msumeno, mzee."

Sherehe ilifanyika. Mgeni alikula, akasifu mashine, akaondoka bila kujua kwamba alipaswa kutazama juu.

Baba alimpa Andrea vile vipande, akavipondaponda na kutengeneza upawa mkubwa. Kila wageni wakija mimi ndiye ninayepakua wali kwa upawa huo, na Baba husema, "Shikeni sahani vizuri, upawa huu unaruka. Umekula shule ya mtu." Wanacheka. Anainua macho. Mimi pia nimejifunza kucheka, sasa najua ulivyofanya. Shingo ya upawa imeshalegea kidogo. Sijamwambia mtu.

Umeniuliza swali. Nakujibu bila kitabu.

Nilifika nyumbani siku shule ilipofungwa, na Jumapili, watu wote walipokwenda kanisani, nilisema tumbo linaniuma. Wewe ulinitazama mlangoni. Nilidhani umeelewa. Nilichukua msumeno wa chuma kwenye kibanda cha Andrea, nikaenda nyuma ya ghala. Nilipanda juu ya pipa, nikaanza na lile panga bovu, pale alipogonga Andrea. Nilikuwa nimejiandaa kwa kazi ya asubuhi nzima. Lakini msumeno haukufika katikati. Lilikatika lenyewe. Lilishuka kwenye nyasi bila kelele, kama kijiko. Na lile la pili, kwa kuwa halikuwa na wa kulisawazisha, likainama polepole upande wake mpaka ncha yake ikanielekea usoni.

Hapo ningeweza kuacha. Nilijua hivyo, Kaka, siyo kwamba sikufikiri. Nilifikiri kuhusu wewe na mzungu na mwenzake wa kutafutwa. Kisha nikafikiri kuhusu nyumba yetu. Baba asingengoja mwaka wala wiki. Angemwambia Andrea achonge la mti. Angelifunga na lile zima, la mti na la chuma, akasema yamelingana, na watu wangeitikia kwa vichwa. Na wewe ungepanda, kwa sababu kule juu hakuna mkono wake. Baba nilimwogopa siku zote. Siku ile nilikuogopa wewe.

Na kuna jingine. Mimi pia nilikipenda kile kindege. Uliwaambia watu nina wivu, nao walikuamini, na haukuwa uongo wote. Nisingeweza kuliacha lile zima halafu kila siku nipite pale.

Basi nilifanya hivi. Nilishuka kwenye pipa. Nikapanda kwenye kiti, nikajifunga mkanda, nikashika usukani. Kanisani walikuwa wameanza wimbo wa sadaka. Nilisema, "Itungi, Itungi, nakuona," na safari hii sauti haikuniogopesha. Nikafungua mkanda. Nikalisogeza pipa upande wa pili, nikapanda, nikalifuta panga kungu waliokuwa wamekaukia ukingoni, nikaanza kukata. Hilo lilikuwa zima kweli. Lilinichukua mpaka watu walipotoka kanisani.

Mdogo wako,
Tusajigwe